Sikio la Brigida

Msimu ule kahawa iliiva mapema. Kila asubuhi, umande ukiwa bado majanini, Deolindo alishuka chemchemini na ndoo mbili na furushi la nepi za mtoto. Alifua, akasuuza, akapanda kilima akipiga mluzi. Huko juu, uani kwao, mkewe Brigida alikuwa ameshatandaza buni kwenye turubai na kuinjika sufuria la mahindi na maharage, na binti yao Noemia anasuka nywele zake tayari kwa shule. Nilipopita hapo kwenda zahanati, ambako ninajitolea, waliniita ninywe kahawa. Katika miaka yote niliyopita hapo sikuwahi kusikia sauti ikipanda katika nyumba ile.

Ndugu zangu wa Lekirema, nyumba hiyo mnaijua, na yaliyoipata mnayajua, kila mtu kipande chake. Wengine mnamlaumu Deolindo peke yake. Wengine mnamlaumu kaka yake. Mmoja nimemsikia kwa masikio yangu akimlaumu Brigida. Leo nitaisimulia nzima, na nitaanza na mimi, Etelvina, kiongozi wa kikundi chenu cha wanawake, kwa sababu mlango wa balaa ile niliufungua mimi.

Deolindo hakufundishwa na mtu. Brigida alipojifungua mtoto wa pili alivuja damu nusura afe, akalala wiki sita, na mumewe akafanya kazi zote kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kuzifanya. Mkewe alipopona, hakuziacha. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Dada Etel, nimeshajua uzito wa ndoo zile. Nitajifanyaje siujui?"

Wanaume walimwona na wakanyamaza. Kila kijiji kina mtu mwenye tabia zake, na watu humwacha alivyo.

Mimi ndiye niliyekataa kumwacha alivyo. Mwezi wa sita niliitwa mjini kwenye semina ya siku tatu kuhusu haki sawa za wanawake na wanaume. Tulifundishwa mambo mengi mazuri, na hata leo nayaamini yote. Mwalimu mmoja alituambia kwamba watu hawabadiliki kwa hotuba, hubadilika kwa kuona mfano, basi kila mmoja akatafute mfano kijijini kwake. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Lilikuwepo pia somo la namna ya kuenenda na watu wanaopinga, lakini hilo liliwekwa saa ya mwisho, na saa ya mwisho mimi nilikuwa nafunga begi langu.

Wiki mbili baadaye wageni wa ile semina wakaja na kamera. Deolindo alijifuta mikono kwenye suruali, akacheka kwa aibu. "Kama itasaidia, sawa," alisema. "Ila msinitangaze sana." Nami nikacheka. Brigida alikuwa shambani akichuma kahawa. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Bango lilipokuja lilikuwa pana kuliko mlango. Tulilisimamisha njia panda, mkabala na duka la Tome, mahali wanapopita watu wa vitongoji vyote vinne. Deolindo alikuwa pale, mkubwa kuliko alivyo, nepi mkononi, na chini yake maandishi mekundu: HUYU NDIYE MWANAUME WA KWELI.

Hebu nisaidieni kufikiri, ndugu zangu. Kama yeye ndiye wa kweli, wale wengine wote wanaopita pale na mapanga yao na farasi wao ni akina nani? Leo swali hilo naliona waziwazi. Siku ile nilipiga makofi.

Haikupita wiki utani ukaanza.

"Shikamoo, mwanaume wa kweli," mmoja alimwamkia akiwa kwenye farasi. "Nikuletee nepi za kwangu?"

"Mwacheni, asije akavunja kucha," mwingine akajibu.

Tome, mwenye duka, alimkatalia tumbaku mbele ya watu. "Tumbaku siwauzii akina mama. Kamwite mumeo aje anunue."

Deolindo mwanzoni alicheka pamoja nao. Kilichonishangaza ni kwamba hata wanawake walicheka, na wengine walikuwa wanakikundi wangu, watu waliopiga makofi pamoja nami siku bango liliposimama.

Siku ya Jumatano Brigida akaja zahanati, mtoto mgongoni.

"Dada Etel, nakuomba uliondoe lile bango."

"Kuliondoa? Mumeo ni fahari yetu, Brigida."

"Ni mume wangu. Sikuwapa awe fahari yenu." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Zamani akifua alikuwa anapiga mluzi. Sasa anafua amewapa watu mgongo, haraka haraka kama mtu anayeiba."

"Watachoka wenyewe. Ukweli haufichwi."

"Wewe huishi naye nyumba moja," akasema, akaenda zake.

Asubuhi moja tukakuta bango limefungwa sketi kuukuu kiunoni mwa picha, na uso wote umetemewa tambuu, mate mekundu yakichuruzika mpaka kwenye maandishi. Uso ule ulionekana kama wa mtu aliyepigwa. Nani angefanya hivi kwa jirani yake ambaye hajamdhuru yeyote? Ningekuwa na busara, hapo ningeliteremsha nikakaa chini na kufikiri. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa imevaa nguo za haki, kwa hiyo sikuitambua. Nilileta maji na sabuni, nikaliosha mbele ya duka la Tome, kisha nikamwambia fundi alipigilie juu zaidi.

Ikafika siku ya ukoo wa akina Deolindo kuezeka upya nyumba takatifu ya mababu. Mnajua siku hiyo ilivyo: ndugu waliotawanyika wanarudi, na watoto wa kiume wa ukoo wanashika pamoja kamba ya nyati anayechinjwa. Kaka yao mkubwa, Zeferino, ndiye msemaji wa ukoo. Nilikuwa pale na wanawake wa jikoni, hatua chache tu, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa. Deolindo alinyoosha mkono kushika kamba. Zeferino akaivuta.

"Wewe nenda jikoni," akasema. "Wenzako wanamenya mihogo."

Watu wakacheka. Deolindo hakuondoa mkono. "Kaka, hii ni kamba ya baba yetu."

"Baba yetu alitoa nyati wanne ili kukuletea mke. Kumbe ni wewe uliyeolewa."

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia mahali patakatifu. Wazee wa ukoo walicheka, vijana waliofika siku ile kutoka mjini wakacheka. Deolindo alikuja jikoni akaketi katikati yetu, akachukua kisu, akamenya mihogo mpaka ikaisha. Hakuinua kichwa. Hakuna mwanamke aliyethubutu kumsemesha, hata mimi, mwenye maneno mengi.

Kesho yake ndoo zilibebwa na Brigida, mtoto mgongoni. Na keshokutwa pia. Deolindo akaanza kushinda dukani kwa Tome, na hapo, ndugu zangu, ndipo pa kushangaza kuliko pote: walimpokea vizuri. Walimsogezea kiti, wakampa tambuu. "Karibu nyumbani, ndugu yetu," walimwambia, kama mtu aliyerudi kutoka safari mbaya. Hakuna aliyemwuliza nani sasa anabeba maji.

Brigida alikuja kwangu mara ya pili. Safari hii hakuketi.

"Jana alitupa sahani ukutani. Alisema chakula kina chumvi."

"Amekupiga?"

"Hajanipiga. Lakini Noemia ameanza kusikiliza nyayo zake anapokuja. Akisikia, anamchukua mdogo wake wanatoka nje kwa mlango wa nyuma. Sijamfundisha hivyo. Amejifunza mwenyewe." Aliisugua mikono yake, ilikuwa na malengelenge ya kamba za ndoo. "Nifanye nini, Dada Etel?"

Swali hilo lilikuwa rahisi. Ningemwuliza: una mahali pa kulala wewe na watoto kwa siku chache? Mama yako ana nafasi? Tumwite nani ambaye Deolindo bado anamsikiliza? Sikuuliza hata moja. Nilimwambia, "Jumamosi kuna mkutano. Nitawakomesha wote."

Akasema, "Usimtaje."

Nikamjibu, "Niachie mimi."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Chifu alikuwepo, na Zeferino na Tome walikaa mbele. Deolindo alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, akiwa na wenzake wa dukani. Nilisema vizuri siku ile, sitakataa. Nilisimulia sketi na tambuu. Nilisimulia kamba ya nyati. Nikawaita Zeferino na Tome kwa majina, nikasema wao ndio wanaoirudisha nyuma Lekirema, na kwamba Deolindo mmoja ana thamani kuliko wote kumi waliokaa mstari wa mbele. Wanawake wakapiga makofi, wengine wakagonga viti, nami nikajisikia nimepaa.

Zeferino akasimama polepole. Hakunijibu mimi. Aligeuka akaangalia mlangoni.

"Mdogo wangu," alisema, "unasemewa na wanawake. Wewe mwenyewe mdomo huna?"

Ukumbi wote ukageuka kumtazama. Wale wa dukani waliokuwa wamesimama naye wakasogea kando, kila mmoja hatua moja, akabaki peke yake. Uso wake ulisawijika. Akageuka, akatoka.

Brigida alikuwa ameketi kando yangu. Akainuka mara moja. "Watoto wako nyumbani," akasema, na akamfuata.

Ndugu zangu, nilimwona akitoka. Nilimwona. Nikabaki ukumbini kama saa nzima nikipewa mikono ya pongezi.

Nilipofika kwao jua bado lilikuwa juu. Buni zilikuwa zimetandazwa vilevile uani. Sufuria lilikuwa limepinduka, mahindi yamemwagika mpaka kizingitini, na kuku wanayadonoa. Brigida alikuwa ameketi chini ameegemea ukuta, kiganja kimebana sikio la kushoto, na damu inapita katikati ya vidole. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina langu.

Deolindo alikuwa amesimama karibu na nguzo, mkono wa kulia ameuinua kidogo mbele yake, anautazama.

"Dada Etel," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "sasa mimi ni wa kweli?"

Nimeona mengi zahanati: watoto waliochomwa na uji, watu waliokatwa na panga. Sijawahi kuona kitu kilichonitisha kama uso wa mtu yule mpole aliyekuwa akiniita ninywe kahawa. Niliwaona Noemia na mdogo wake nyuma ya mgomba, kimya, wamezoea.

Kule zahanati nesi alisema ngoma ya sikio imepasuka vibaya na huenda isipone. Tukiwa tunasubiri pale benchi, Brigida akasema, "Nataka kwenda polisi."

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijapata kulisema hadharani. Mnajua sheria yetu, kumpiga mke si jambo la familia tena. Mimi mwenyewe nimeifundisha sheria hiyo kijiji hadi kijiji. Lakini neno polisi lilipomtoka, nilichokiona kwanza kichwani ni bango. Nikawaona wageni wa mjini waliosema watarudi mwezi ujao. Nikasikia Tome akicheka: mwanaume wenu wa kweli yuko mahabusu. Nikamwambia, mtu mwenye damu shingoni, "Labda tungoje kidogo, Brigida."

Alinigeuzia sikio la kulia ili asikie vizuri. Kisha akasema, "Ulipotaka picha hukungoja."

Nikaona aibu ambayo haijaniisha mpaka leo. Tukaenda polisi siku ileile.

Ukoo wa Deolindo ulikuja kwa mama yake Brigida, ambako alikuwa amehamia na watoto. Walileta nguruwe na vitambaa vya kufuma, wakataka kutandika mkeka na kuyamaliza kinyumbani. Zeferino ndiye aliyesema. Brigida aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mkeka tutautandika," alimjibu. "Lakini baada ya mahakama. Tukianza na mkeka, mahakamani hatutafika."

Deolindo alikiri kila kitu mbele ya hakimu. Alihukumiwa kifungo cha miezi kadhaa, kikaahirishwa kwa mwaka mmoja, kwa sharti kwamba akirudia tena ataingia gerezani. Jioni ya siku hiyo nilichukua panga nikalikata bango mwenyewe, miguu yote miwili. Tome alinitazama kutoka dukani kwake. Alikuwa na nafasi nzuri ya kusema kitu, lakini hakusema.

Mkeka ukatandikwa Jumapili baada ya Misa. Niliomba kusema kwanza, nikaeleza makosa yangu niliyowaeleza nyinyi leo, isipokuwa lile la benchi. Kisha Brigida akasema, na hapo ukoo mzima ulipigwa na butwaa, kwa sababu alianza kurudia maneno. Kila neno, na jina la aliyelisema. Nepi. Kucha. Tumbaku siwauzii akina mama. Kumbe ni wewe uliyeolewa. Deolindo alikuwa anayapeleka nyumbani jioni baada ya jioni, na mkewe ameyahifadhi yote.

Zeferino akakohoa. "Ule ulikuwa utani tu, shemeji."

"Najua," Brigida akasema. "Utani wenu umekaa ndani ya sikio hili. Hakuna kingine kinachoingia humo."

Ndipo Deolindo aliposema, kwa mara ya kwanza mbele ya ukoo wake tangu siku ile ya kamba. "Kaka alinicheka, Tome alinicheka, na Dada Etel alinipandisha juu ya mti bila ngazi ya kushukia. Yote hayo ni kweli. Lakini wao hawakuwepo uani. Mkono ulikuwa wangu."

Zeferino hakuomba radhi. Sitawadanganya ili hadithi ipendeze. Ila alikuwa ameshashika mfuko wake wa tambuu kuondoka, akauweka tena chini, akakaa mpaka mkeka ulipokunjwa. Mwezi uliofuata alimrudishia mdogo wake nafasi kwenye kamba. Deolindo alikataa kuishika.

Brigida bado yuko kwa mama yake. Deolindo huenda kuwaona watoto Jumapili, hukaa uani mlango ukiwa wazi. Kama watarudiana au la, sijui, na hilo si jambo la mimi kulisema mikutanoni. Sikio la kushoto halikupona. Ukitaka kuzungumza naye, pita upande wa kulia.

Kikundi chetu hakikufa, ingawa wengi walitamani kife. Kinaongozwa na Brigida sasa, mimi ni msaidizi wake. Hatubandiki tena picha ya mtu. Wanaume wana siku yao ya kukutana wenyewe, na aliyeianzisha ni Deolindo, aliyesimama mbele ya watu sita akawaeleza alichofanya bila kujitetea. Walikuwa sita, wakawa kumi na moja, wakapungua wakawa tisa. Na kila mkutano wetu wa wanawake, kabla ya sala, kabla ya jambo lolote, Brigida huuliza swali moja: "Kwa yatakayosemwa hapa leo, nani ataogopa kurudi nyumbani?" Akinyooshwa mkono hata mmoja, ajenda huwekwa kando.

Mafunzo ya hadithi hii

Usawa wa mwanamke na mwanaume ni haki, na haki haiachwi kwa sababu watu wamecheka. Lakini wewe unayeipigania, jua kwamba upinzani utakuja, na mara nyingi haukupigi wewe uliyeshika kipaza sauti. Humpiga aliye nyumbani, asiye na shahidi. Basi kabla hujasema, mwulize huyo. Akikwambia nyamaza, nyamaza, kwani anaijua nyumba yake kuliko wewe. Usimfanye mtu mwema kuwa fimbo ya kuwachapia wenzake, maana watamvunja ili wakuonyeshe wewe. Anayekupinga mfuate faraghani, kupitia mtu anayemheshimu, usimwaibishe ukumbini halafu ukadhani umemshinda.

Nanyi mnaotania, mjue kwamba kicheko kinaweza kusukuma mkono. Hata hivyo mkono una mwenyewe. Hakuna dhihaka inayompa mwanaume ruhusa ya kumpiga mkewe, na hakuna mkeka unaochukua nafasi ya sheria.

Funzo langu mimi ni dogo kuliko hayo, na ndilo lililonigharimu zaidi. Brigida alinijia mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa na masikio mawili mazima, na sikumsikia.